Mwaka Mama Noela Alipovuka Pazia

Kwenye matanga ya Mama Noela, hapa Goma, kila aliyesimama kusema alilirudia neno lilelile: mvumilivu. Mashemeji zake walilisema, mzee wa parokia akalisema, hata kijana aliyeletwa kupiga kinanda akalisema kati ya wimbo na wimbo, ingawa hakuwahi kumwona mama huyo akiwa hai. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na masufuria ya maharagwe, na kila neno hilo lilipotajwa nilisaga meno. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu akisifiwa uvumilivu, mara nyingi kuna kazi ambayo wenzake waliikimbia wakamwachia. Nalijua hilo vizuri kwa sababu mmoja wa waliokimbia ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, tulikuwa Kibabi, na ulikuwa mwaka wa vita. Sitasema vita vipi. Kwetu Masisi ukisema "mwaka wa vita" msikilizaji anakuuliza "mwaka gani wa vita?", na hapo mazungumzo yanahamia kwenye bunduki wakati wewe ulitaka kuongea juu ya beseni.

Mama Noela alikuwa mke wa baba yangu mdogo, Anselmi, ambaye mwaka ule alikuwa Omate, kule Walikale, akichimba mawe ya madini pamoja na vijana wengine wa milima yetu. Habari zake zilitufikia kwa midomo ya wabeba mizigo: yuko mzima, amepata homa, amepona, anawasalimu. Nyumbani Kibabi alikuwa amewaacha Noela, binti yao Aline wa miaka minne, na baba yake mzazi, yaani babu yangu, ambaye sisi wote tulimwita Tate. Tate alikuwa amepooza upande mzima wa kulia. Alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, na tangu siku hiyo maneno yake yalitoka yakiburuta mguu kama yeye mwenyewe. Shule yetu ilikuwa imefungwa, wakimbizi wa ndani walikuwa wanalala madarasani, basi mama yangu akanifungia nguo zangu mbili kwenye kitenge na kuniambia niende Kibabi nikamwogeshe Tate. Nikamuuliza kwani Noela hana mikono. Mama alinitazama kama nimetukana kanisani.

Nieleze jambo hili kwa wale waliokulia mjini. Katika ukoo wetu mke wa mtoto haingii chumba cha kulala cha baba mkwe. Hakai juu ya kitanda chake, hamshiki mkono, hamtazami akiwa hajajifunika. Ni heshima ya pande mbili: mzee naye hawezi kumgusa wala kula akiwa amemkabili uso kwa uso. Lakini mjukuu ni kitu kingine. Mjukuu na babu wanataniana, wanaibiana viazi, babu anamwita mjukuu wake mke na mjukuu anamwambia mzee hana meno ya kuolea. Kwa hiyo mikono ya Noela, ambayo iliweza kila kitu, ilikatazwa kitu kimoja, na mikono yangu, ambayo haikuwa inaweza chochote, iliruhusiwa. Huo ndio mpango niliouona Kibabi, na wakati ule ulionekana kwangu wa kawaida kabisa, ila tu kwa nini uniangukie mimi.

Nyumba ilikuwa ya mbao, yenye sebule ndogo tuliyoiita saloni, iliyonuka moshi na maziwa, na chumba cha Tate kilifunguka kwenye saloni hiyo bila mlango. Palikuwa na pazia, kitenge cha kijani kilichochakaa chenye picha za ndege, na Noela alisimama nyuma yake. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile. Asubuhi alichemsha maji jikoni, akayajaribu kwa kiwiko, akalisukuma beseni chini ya pazia kwa mguu, halafu akabaki hapo amesimama, akisikiliza. Alijua kwa sauti tu. "Umeacha mugongo," aliniambia. "Sijasikia kitambaa kwa mugongo." Au: "Geuza yeye kwa shuka, usimuvute mukono, mukono ule haiko na nguvu." Wakati mwingine nilidanganya kwamba nimekwisha kumkausha kati ya vidole vya miguu, naye akasema tu, "Basi rudia tena." Tate alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Muke wangu iko muvivu," alisema, polepole, kila neno likimchosha, "lakini iko muzuri." Nilimjibu kwamba mume wangu naye ananuka, na Noela nyuma ya pazia aliguna ili asisikike akicheka mbele ya mkwe wake.

Tulikula viazi na maharagwe, mboga ya lengalenga, na siku za bahati kipande cha jibini kutoka kwa mfugaji wa mlima wa pili. Sahani ya Tate, Noela aliiandaa mwenyewe, akiponda kila kitu kwa mgongo wa kijiko hadi kikawa laini, akainuka na kunipa nikamlishe, naye akaketi kula kilichobaki kikiwa kimepoa. Usiku alifua vitambaa. Alfajiri alikwenda shamba. Mchana aliponda, alifua, alichota, alimkimbiza Aline asichezee moto. Wageni walikuja wengi, maana mzee mgonjwa ana wageni, na wote waliuliza, "Muzee iko aje?" Noela alijibu, akawapa maziwa, wakaondoka wakisema Mungu ni mkubwa. Ni mmoja tu aliyeuliza zaidi. Alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo aliyekuwa na duka la chumvi, sabuni na betri chini ya barabara. Jumapili moja alikuja na wembe wake, akaketi saloni, akasema, "Mama Noela, wewe tangu lini hujaenda misa?" Noela akasema hakumbuki. "Enda. Mimi nitamunyoa muzee ndevu, tutabaki tunaongea." Noela alisimama pale akiwa na taulo mkononi kama mtu aliyeambiwa aruke. Halafu akaenda. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba, na mimi nikadhani mahubiri yalikuwa mazuri sana. Baadaye Aline alituambia mama alilala usingizi kanisani tangu somo la kwanza.

Mimi sikuwa mtu mzuri mwaka ule, na sitajipaka mafuta. Nilichoka na harufu, nilichoka na sauti ya nyuma ya pazia, nilichoka kuitwa muke wa mtu asiyeweza kusimama. Solange, msichana wa nyumba ya jirani, alikuwa anakwenda Rubaya kuuza mandazi kwa wachimbaji, na kila aliporudi alinisimulia: watu wengi kama siafu, muziki kwenye vibanda tangu asubuhi, wabeba magunia wakishuka mlimani weupe kwa vumbi, na kila mtu anakutazama. Hakuna aliyekuwa ananitazama Kibabi isipokuwa Tate, na yeye aliona kwa jicho moja. Basi asubuhi moja ya siku ya soko nilimwambia Noela naenda kuchota maji. Sikumwogesha Tate kwanza. Niliwaza nitarudi kabla ya mchana na nitafanya vyote kwa pamoja. Nilimwona Solange kwenye njia, nikamfuata Rubaya.

Nilipata saa mbili za furaha, labda tatu. Tuliuza mandazi, tulicheka, kijana mmoja mwenye koleo begani aliniuliza jina langu. Halafu milio ya risasi ikaanza upande wa barabara tuliyoijia, mbali kwanza kisha si mbali, na Rubaya yote ikajikunja. Hatukuweza kurudi. Tulikaa siku mbili kwenye chumba cha nyuma kwa shangazi yake Solange, tukilala sakafuni na watu wengine kumi na watatu, na muda wote sikuwaza juu ya risasi. Niliwaza juu ya shuka. Tate alikuwa ameanza kuhara jioni iliyotangulia, kabla sijaondoka, nami nilijua, na nikaondoka.

Siku ya tatu tulirudi. Kibabi ilikuwa tupu. Watu walikuwa wamekimbilia msituni na wengine walikuwa ndiyo wanaanza kuteremka na mikeka yao. Duka la Papa Kambale lilikuwa limefungwa. Kumbeba Tate kwa tipoyi, machela ya kubebea wagonjwa begani, kulihitaji wanaume wanane wanaopokezana, na mlima ule haukuwa na hata mmoja, kwa hiyo Noela hakwenda popote. Niliingia saloni na kitu cha kwanza nilichokiona ni pazia. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa, limewekwa juu ya kiti. Tate alikuwa amelala ubavu, safi, akiukabili ukuta wenye jua. Noela alikuwa ameketi kitini karibu na kichwa chake, ndani ya chumba, amelala usingizi huku ameketi, na Aline amelala mapajani pake. Nilisimama hapo hadi alipofungua macho. Nikasema nilikutana na milio kule kwenye maji, nikakimbia na watu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ni vizuri uko muzima," alisema. "Uji iko kwa chungu."

Pazia halikurudi. Kuanzia siku ile tulimwogesha Tate wawili, na hapo ndipo nilipoona nilikuwa nafanya nini miezi yote ile, yaani nusu ya kazi. Noela alimgeuza na kunionyesha mgongo wake, chini, kwenye mifupa ya kiuno, ambapo ngozi ilikuwa imeanza kufunguka. Hakunigombeza. Alichemsha maji na chumvi, akayapoza, akasafisha kwa kitambaa kilichochemshwa, na akaniambia kuanzia sasa mzee hatalala upande mmoja zaidi ya muda wa jua kupita ubao mmoja wa ukuta. Tulihesabu mbao. Jua likifika ubao wenye msumari, tunamgeuza kuelekea mlango. Likifika ubao wenye ufa, tunamgeuza tena. Siku za mvua Noela alikisia, na hakukosea. Mwanzoni Tate alifumba macho kila alipomgusa, kwa aibu, na machozi yalimtoka kwenye jicho zima. Noela naye alitazama pembeni, mikono ikifanya kazi peke yake. Baada ya wiki chache Tate aliacha kufumba, na Noela akaacha kutazama pembeni. Vidonda vilifunga. Mzee akaanza kukaa.

Halafu vita vikatulia kidogo, barabara ikafunguka, na baba mkubwa Simeoni akaja kutoka Goma na wazee wawili wa ukoo kumwona baba yake. Simeoni alikuwa mtu wa heshima. Aliketi saloni na kofia kwenye goti, akauliza habari za mzee, na wakati anauliza Noela alipita mbele yake na beseni, akaingia chumbani, akaanza kumwogesha mkwe wake. Nadhani alikuwa amesahau. Kwake ilikuwa kazi ya saa ile, jua lilikuwa limefika kwenye ufa. Simeoni alisimama, kofia ikaanguka.

Mchana wakafanya kikao. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, na ukuta wa mbao hauzuii neno. Mzee mmoja alisema, "Muke wa mutoto anaona uchi ya mukwe wake. Hii haiko kitu ya kucheka. Njo maana Anselmi hapati kitu kule Omate." Wa pili alisema nyumba inapaswa kusafishwa kwa damu ya kuku, na mwanamke arudi kwao hadi mume wake atakapokuja kumchukua, kama atamchukua. Simeoni akamwita Noela aeleze. "Kulikuwa vita, shemeji," alisema. "Batu bote bakakimbia. Muzee alikuwa anahara." Simeoni akasema kwa sauti ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya zaidi, "Ungengoja." Kisha nikamsikia Noela: "Ningengoja siku ngapi, shemeji?"

Simeoni akauliza, "Na ule mutoto wa kike tulituma juu ya kazi hii, alikuwa wapi?" Wakaniita. Nilisimama mlangoni na maharagwe kwenye kiganja. Nilipaswa kusema maneno matatu tu: nilikwenda Rubaya, nilidanganya. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Nilikimbia risasi, Papa Mukubwa." Noela hakuinua kichwa. "Mutoto alikimbia sawa wengine," alisema. "Musimusumbue." Wakanirudisha jikoni, na kikao kikaamua kwamba Noela aondoke kesho yake asubuhi.

Kuku akakamatwa. Wazee walimchinja mlangoni, damu ikamwagwa kwenye kizingiti, maneno yakasemwa. Na nani alimnyonyoa kuku huyo, akampika, akapika na bugali, ugali wetu, wa kulia nyama yake? Noela. Nilimsaidia bila kuweza kumtazama. Alikata vipande vizuri, akapanga sahani kama ipasavyo, na firigisi akaiweka peke yake kwenye kisahani, maana kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba na mwanamke hailambi hata kwa bahati mbaya. Simeoni mwenyewe alikipeleka kisahani chumbani kwa baba yake. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akatoka uso umebadilika, akawaambia wazee wale wamsaidie, mzee anataka kubebwa saloni.

Walimleta kwenye kiti, wakamwegemeza na mito. Kisahani kilikuwa kwenye mapaja yake, kimeshikwa na mkono wa kushoto. Tate alitutazama mmoja mmoja. Ilimchukua muda kupata neno la kwanza, na sisi sote tulingoja, maana hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Mimi nimesikia yote," alisema. "Niko kipooza, siko kiziwi." Akapumzika. "Mama njo ananawisha mutoto. Mama njo analisha mutoto. Huyu ananinawisha, ananilisha." Akamnyooshea Noela kisahani mbele ya kila mtu. "Huyu iko mama yangu. Munafukuza mama yangu aende wapi?"

Noela hakusogea. Alimtazama Simeoni, kwa sababu desturi ni desturi. Simeoni alitazama chini, na mzee aliyekuwa amezungumza habari za Omate alikohoa, akasema kwamba mwenye nyumba amesema. Kisahani kilikuwa kimeinama, firigisi ilikuwa karibu kuanguka. Basi Noela akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, mikono ya mkwe na ya mke wa mtoto ikagusana mchana kweupe, na akaila hapo hapo, yote, akiitafuna polepole huku machozi yanamteremka. Sijawahi kumwona mtu akila namna ile. Kesho yake asubuhi wageni waliondoka, na Noela akabaki.

Tate aliishi hadi kiangazi kilichofuata. Alikufa mchana, jua likiwa kwenye ubao wa katikati, Noela akiwa amemaliza tu kumgeuza. Wanaume wa ukoo ndio walioosha maiti. Walipotoka nje Simeoni akamwendea Noela alipokuwa ameketi na wanawake, akainama na kumwambia, kwa sauti ambayo sisi tulio karibu tuliisikia, kwamba mgongo wa baba yake hauna hata kidonda kimoja. Noela akaitikia kwa kichwa. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya pekee mtu wa ukoo wetu kumshukuru, na hata hivyo alishukuriwa kwa habari za mgongo wa mtu mwingine.

Miaka ikapita, vita vingine vikatuleta wote Goma. Mwaka huu wa mwisho Noela naye alilala kitandani, na aliyemtunza ni Aline, ambaye ana kazi na watoto wake watatu. Nilijipangia Alhamisi. Nilifika asubuhi, nikamfukuza Aline nyumbani kwake mwenyewe, nikamwambia aende sokoni, saluni, popote, asinionyeshe uso hadi jioni. Kazi hiyo sasa naiweza. Alhamisi moja, nikiwa namkausha kati ya vidole vya miguu, nilimwambia. Nilikuwa nimeibeba tangu ujana na nilikuwa nimechoka nayo. Nikamwambia sikwenda kuchota maji siku ile, sikukimbia risasi yoyote, nilikwenda Rubaya kutazamwa na watu, nikijua Tate anahara, na nilisimama mbele ya wazee nikamwacha abebe yeye.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilijua," alisema. "Nilikuona kwa dirisha. Ulivaa robe ya misa, nguo ya Jumapili. Nani anavaa robe ya misa juu ya kuchota maji?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Walikuwa wanamfukuza. Neno moja lingemwokoa.

"Ningesema, bangekurudisha kwa mama yako siku ile ile," alisema Noela. "Na mimi ningebaki na nani? Ulikuwa musaidizi mubaya, Espe. Uongo, uvivu, yote. Lakini sikukuwa na mwingine."

Nilitaka aseme amenisamehe. Nilingoja, na taulo mkononi, na hakusema. Alifumba macho akapumzika kidogo, kisha akaniuliza kama Alhamisi ijayo nitakuja, maana Aline amekonda sana. Nikamwambia nitakuja. Nilikwenda Alhamisi ile, na zote zilizobaki.